Kumar Gandharva na miaka ya ukimya

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Muziki wa Kihindi hauna mwisho, tukiuzungumza wote tutakesha. Leo nimemchagua mtu mmoja, Kumar Gandharva, na hasa ile miaka ambayo hakuimba.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1924 huko Sulebhavi, karibu na Belgaum, Karnataka. Jina lake la nyumbani ni Shivaputra Komkalimath. La Gandharva, yaani mwimbaji wa mbinguni, alipewa na kiongozi mmoja wa dini aliyemsikia akiimba angali mtoto. Mtoto huyo alikuwa akisikiliza santuri ya bingwa, anairudia na madoido yake yote, na watu wanajaa kumtazama. Mwaka 1936 akapelekwa Bombay kwa mwalimu B. R. Deodhar.

Hapo alibahatika. Waimbaji wa India ya kaskazini wana gharana, silsila za uimbaji: unakaa chini ya ustadhi mmoja miaka na miaka, unaiga mtindo wake, unautetea mpaka kufa. Deodhar hakuwafunga wanafunzi wake hivyo. Mabingwa wa silsila mbalimbali walipita kwake, na kijana akawasikia wote.

Kisha kikaja kifua kikuu. Mwaka 1948 akahamia Dewas, katika eneo la Malwa, kufuata hewa kavu, na madaktari wakampiga marufuku kuimba. Mkewe, Bhanumati, ndiye aliyemuuguza. Dawa ya streptomaisini ilipopatikana akapona, lakini pafu moja lilikuwa limekwisha kazi.

Watu hupenda kusimulia habari hii kama muujiza wa pafu moja. Mimi nadhani wanalisifu pafu na kuyasahau masikio. Pale kitandani alikuwa akisikia wanawake wa Malwa wakiimba nyimbo zao, na mafakiri wakipita wakiimba mashairi ya Kabir, yule mfumaji wa karne ya 15. Akagundua kwamba mahadhi mengi ya vijijini yana noti nne au tano tu, ila kila moja lina njia yake ya kupanda na kushuka. Na raga, ule mfumo wa noti ambao mwimbaji wa Kihindi hujengea wimbo wake, ni nini, kama si njia hiyo? Akaanza kutunga raga mpya kutoka kwenye mahadhi hayo: Malavati, Sanjari, Lagan Gandhar na nyinginezo. Tungo zake akazitoa kitabuni mwaka 1965, Anuparagvilas.

Alirudi jukwaani mwaka 1953, akiimba kwa namna nyingine kabisa. Kwa desturi, khayal ya polepole, ule mtindo mkuu wa uimbaji wa India ya kaskazini, hujengwa kwa pumzi ndefu. Yeye alitupa kipande kifupi, chenye nguvu, akanyamaza, tanpura, ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi, ikaendelea kuvuma, akatupa kingine. Wahafidhina walinung'unika: huyu anakwepa sehemu ngumu. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, siikatai. Lakini vipande vile vimepimwa mno kuwa vya mtu anayekwepa.

Serikali ilimpa nishani ya Padma Vibhushan mwaka 1990. Alifariki Dewas tarehe 12 Januari 1992, na mwanawe Mukul na bintiye Kalapini nao ni waimbaji.

Basi maneno yatosha. Fundi wetu, tuwekee ile rekodi ya nyimbo za Kabir, na tafadhali usipunguze sauti pale anaponyamaza.