Kiti cha Enzi Katika Mirathi

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mzee akifariki Lamu, Pate au Siyu, shamba hugawika na nyumba hupigiwa hesabu. Kiti cha enzi, kile kiti kikubwa cha heshima cha Waswahili, hakigawiki. Mrithi mmoja hukichukua akawafidia wenzake, na hapo haki hutaka thamani ya kweli.

Kipindueni kwanza. Fundi wa zamani alichomeka ulimi wa mti ndani ya tundu, akaufunga kwa kijiti. Mkikuta msumari wa chuma, ama kiti ni kipya ama kimetiwa mkono baadaye. Mpingo ni mzito na weusi wake umo ndani ya mti. Mti mwingine uliopakwa rangi hujionyesha pale miguu inaposuguana na sakafu. Uzi wa pamba wa mgongoni na wa kukalia ukiwa umesukwa upya, msitishike, kwani ndio unaotangulia kuchoka. Kinachoniuma mimi ni vanishi. Mikono ya kiti iliyolainishwa na viganja vya mababu husuguliwa msasa siku moja, na ulaini ule hakuna fundi wa kuurudisha.

Sasa chukueni lenzi muitazame njumu, vile vipande vyeupe vilivyopachikwa kwenye mti kuwa pambo. Mfupa una vitone vidogo vyeusi, njia za damu ya mnyama. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo, na ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayokingamana. Tofauti hii ni nzito, maana mwaka 1989 mkataba wa CITES, ule wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliamua kufunga biashara ya pembe baina ya nchi. Hata hivyo, nawasihi, msing'oe hata kipande ili mpate mnunuzi. Kiti kilichonyofolewa njumu kimeshapoteza kazi ya fundi wake.

Halafu kuna sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Chombo kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 hakitolewi nje bila kibali. Kwa hivyo bei aliyowatajia mgeni wa ng'ambo msiiingize kwenye mirathi kana kwamba fedha ziko mkononi. Nendeni Makumbusho ya Lamu mkavitazame viti vya huko, mlinganishe na chenu.

Na bibi akiwa hai, muulizeni wiki hii: kiti kiliingia nyumbani kwa arusi ya nani, kutoka mtaa gani? Andikeni majina, na karatasi hiyo akabidhiwe atakayekichukua kiti.