Karatasi Iliyotoboka

MWANAIDI: Salim, mbona sauti imekauka hivyo? Ulikuwa unamfokea nani?

SALIM: Nilifokewa mimi. Jumamosi, ukumbi wa mtaa wetu hapa Gothenburg, Sweden. Yule jirani yangu Mhazara, wale watu wa milima ya kati ya Afghanistan, nilishakwambia habari zake, aliniomba nimsaidie kuchora ramani ya kwao, itundikwe ukutani watoto waione. Nikabeba rula, nikajua ni kazi ya saa moja.

MWANAIDI: Ikawa?

SALIM: Saa tano! Bamyan hakuna aliyebisha. Milima ya Koh-i-Baba, sawa. Daykundi, sawa. Jaghori na Malistan kule Ghazni, sawa. Kufika Uruzgan, mzee mmoja akaweka kidole: "Hapa ni ndani ya nchi yetu." Kijana akashika kifutio, akafuta. Mzee akachora. Kijana akafuta. Mara ya tatu karatasi ikatoboka. Pale pa Uruzgan pana tundu la kupitisha kidole.

MWANAIDI: Maskini. Na juu mliandika jina gani?

SALIM: Hazarajat.

MWANAIDI: Sisi hapa kipindini tuite Uhazara. Nchi ya Wagogo Ugogo, ya Wazaramo Uzaramo, ya Wahazara Uhazara. Kiswahili kimeshatupa jibu.

SALIM: Bi Mwanaidi, sema hilo neno haraka haraka.

MWANAIDI: Uhazara.

SALIM: Umesikia? Msikilizaji yuko kwenye daladala, atasikia "hasara". Sitaki watu waliopita walikopita wale tuwaite hasara.

MWANAIDI: Basi tumfundishe kutamka! Uhazara, kwa zeta.

SALIM: Na wenyewe hawajakubaliana. Hazarajat ndiyo iliyomo vitabuni, wazee wameizoea. Vijana wengi wanataka Hazaristan, wanasema hiyo ina uzito wa nchi.

MWANAIDI: Ndiyo maana nasema Uhazara. Haiegemei upande.

SALIM: Hakuna jina lisiloegemea upande, dada yangu. "Hazar" kwa Kiajemi ni elfu. Wapo wanaosema jina limetokana na vikosi vya Wamongolia vya watu elfu elfu, na wapo Wahazara wanaokataa kabisa, wanasema sisi tulikuwepo kabla. Hata hapo pana ugomvi.

MWANAIDI: Elfu! Kumbe Uhazara ni "Uelfu".

SALIM: Tusifike huko.

MWANAIDI: Haya, turudi kwenye tundu. Mimi niko na kijana.

SALIM: Nilijua.

MWANAIDI: Amiri Abdur Rahman, mtawala wa Afghanistan, aliwapiga Wahazara kati ya 1891 na 1893, akawauza watu utumwani, ardhi akawapa Wapashtuni, kabila lake mwenyewe. Hilo halina ubishi, na liandikwe kwa herufi kubwa. Lakini ramani ya ukutani inamwambia mtoto "hapa wanakaa watu wako". Uruzgan leo sehemu kubwa ni Wapashtuni, wamezaliana pale zaidi ya miaka 130. Ukichora mstari, hao unawafuta.

SALIM: Usipochora, amiri amemaliza kazi yake kwa mkono wako. Sikiliza. Kule Zabul kuna wilaya inaitwa Daychopan. Hilo ni jina la kabila la Kihazara, Dai Chopan. Watu walifukuzwa, jina likabaki. Jina lenyewe ni ushahidi, na wewe unataka nilipite?

MWANAIDI: Nataka uliandike kwa maneno. Mrekodi yule mzee, mkalishe, aeleze babu yake alilima wapi, mto upi. Mtoto asikie hadithi nzima, na Mpashtuni akiisikia ajue hakufutwa.

SALIM: Hadithi watasema ni hadithi tu. Ramani ndiyo inayopelekwa ofisini. Daykundi yenyewe ilikuwa ndani ya Uruzgan, wakaikata 2004 ikawa mkoa. Mipaka huchorwa na mtu, Mwanaidi. Siku zote ni mtu mwingine. Safari hii wachore wenyewe.

MWANAIDI: Wachore, lakini wasifanye walichofanyiwa.

SALIM: Mstari wa nukta nukta haumfukuzi mtu!

MWANAIDI: Leo.

SALIM: ...Hapo sikubaliani nawe.

MWANAIDI: Wala mimi nawe. Yule kijana alisema nini alipofuta?

SALIM: Alisema bibi yake bado yuko huko nyumbani, hataki karatasi imletee watu mlangoni.

MWANAIDI: Na mzee?

SALIM: Mzee alisema bibi wa bibi yake aliuzwa Kabul. Wakanyamaza wote. Mtu akaleta chai na lozi.

MWANAIDI: Salim, tumebakiwa na dakika mbili, na yale mambo matatu tuliyopanga leo, ya kukusanya kumbukumbu za wazee, hatujagusa hata moja.

SALIM: Yaache. Jumamosi tunaanza karatasi mpya. Mzee kaniambia safari hii nisilete penseli, nilete wino.

MWANAIDI: Na jina juu?

SALIM: Hazarajat.

MWANAIDI: Uhazara.

SALIM: Kwaherini, jamani.