Dalali ni wa Nani?

Assalaam alaykum. Nashukuru mmekuja, khasa nyinyi madalali mliokaa safu ya nyuma karibu na mlango. Nilidhani hamtokuja.

Nianze na mshenga, maana hakuna asiyemjua. Mshenga akibisha hodi kwa wazee wa msichana, barza nzima inajua katumwa na upande gani. Akisifu, wazee wanapunguza. Akiahidi, wanamshika ulimi. Sasa mfikirieni mshenga aliyepokea bahasha asubuhi kwa baba wa msichana, jioni akapokea nyengine kwa kijana, na moyoni mwake yeye mwenyewe anamtaka huyo binti. Wanasheria wanaiita hali hiyo mgongano wa maslahi. Mitaani tunaiita ujanja, na wakati mwengine tunaisifu.

Nilikuwa karani kwa wakili mmoja hapa mjini Zanzibar, kijana bado, walipokuja kaka wawili na dada yao kuuza nyumba ya marehemu baba yao. Dalali ndiye aliyewaletea mnunuzi, mzee muuza vitambaa, naye alikuja na fedha taslimu ndani ya boksi la biskuti lililofungwa kamba. Kazi yangu ilikuwa kuisoma hati ya mauziano kwa sauti kabla watu hawajatia saini. Nikafika kwenye bei: shilingi milioni 45. Yule mzee akanyanyua mkono. “Hebu rudia hapo, mwanangu.” Nikarudia. Akalitizama boksi, akamtizama dalali. Yeye kahesabu milioni 53.

Hakuna aliyepiga kelele. Dalali alivua kofia yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: “Hicho ni cha juu tu, wazee. Kila dalali anaweka.”

Na naamini alikuwa mkweli. Hakujiona mwizi. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Warithi ni wana wawili na binti mmoja; kila mwana mafungu mawili, binti moja, jumla mafungu matano. Kwa milioni 45 binti anapata 9; kwa milioni 53 angepata 10 na laki sita. Cha juu kile kilimpokonya dada yule milioni moja na laki sita ya urithi wa baba yake, na kila kaka milioni tatu na laki mbili. Tena dalali alikwisha agana ada na wauzaji, na ada nyengine na mnunuzi. Na mnunuzi naye alikuwa hatarini: siku mauziano yangevunjika mahakamani, karatasi yake ingesema 45. Zile nane angemdai nani?

Najua kuna mtu hapa anataka kuniambia kwamba dini haikukataza udalali. Kweli, haikukataza. Imepokewa kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba hakuna ubaya mtu kumwambia mwenzake: uza nguo hii, kitakachozidi kiasi fulani ni chako. Hicho si cha juu? Ndicho hasa! Ila sikilizeni nani anasema maneno hayo. Anayasema mwenye nguo. Anajua, ameridhia, ametaja kiwango. Cha juu cha wazi ni mapatano. Kile cha kujificha hakina mwenye kukiridhia. Na mnajua kwamba najash imekatazwa, yaani kumleta mtu ajifanye mnunuzi ili bei ipande. Siku hizi najash inapigwa kwa simu: “Kuna mtu wa Dubai anakitaka kiwanja hiki, amua leo.” Mtu wa Dubai hajazaliwa.

Sheria nayo si ngeni kwetu. Sheria yetu ya mikataba imechotwa katika ile ya India ya 1872, na humo wakala anatakiwa ampe mwenye mali kila kilichopokewa kwa niaba yake, akishatoa haki yake iliyokubaliwa. Akifanya biashara kwa faida yake mwenyewe ndani ya kazi ya mwenziwe bila ya kumwambia, mwenye mali anaweza kuidai faida hiyo. Kwa hiyo zile milioni nane zilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba ungemdai wapi? Mtu mwenye vespa, simu mbili na laini nne, leo yuko Fuoni, kesho Jambiani.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Kenya wana Sheria ya Madalali wa Nyumba ya 1984 na bodi ya kuwasajili. Uingereza, cha kushangaza, hawatoi leseni. Mtu yeyote anaweza kufungua ofisi. Lakini sheria yao ya 1979 inamlazimisha dalali mwenye maslahi yake binafsi katika nyumba ayataje kabla mazungumzo hayajaanza, na akikosa uaminifu anaweza kupigwa marufuku kazi yenyewe. Mimi nimevutiwa zaidi na Singapore. Sheria yao ya 2010 inamkataza dalali kuwawakilisha muuzaji na mnunuzi katika biashara moja. Na katika mauzo ya nyumba dalali hagusi fedha za bei. Hata kwa dakika tano. Boksi la biskuti linapita mbali naye.

Usajili peke yake unanitia mashaka, nasema wazi. Kitambulisho cha shingoni hakimzuii mtu kuchukua bahasha mbili. Kinampa tu sura nzuri ya kuzichukulia.

Kwetu jambo linakuwa zito zaidi kwa sababu ya ardhi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na kwa Sheria ya 1992 tunachomiliki ni haki ya kuitumia. Mgeni anapewa ukodishaji, hapewi haki hiyo. Sasa shukeni Paje au Nungwi. Dalali anamletea mwenye shamba mgeni mwenye fedha, halafu kiwanja kinaandikwa kwa jina la mzalendo “kwa muda tu”. Mzalendo gani? Mara nyingi ni dalali mwenyewe, au shemeji yake. Hapo amekuwa wakala wa muuzaji, wakala wa mnunuzi, na mwenye mali kwenye karatasi. Mshenga ameoa. Na miaka kumi baadaye wanapofikishana Mahakama ya Ardhi, mwenye shamba hajui amshitaki nani na mgeni hana karatasi ya kumshitakia.

Ninachokitaka mimi ni karatasi moja, ukurasa mmoja, itiwe saini kabla ya mtu kuoneshwa hata mlango: mimi fulani ni dalali wa fulani, ananilipa kiasi hiki, na upande wa pili nitachukua kiasi hiki au sichukui kitu. Na mauziano yanapopelekwa kwenye bodi ya uhaulishaji, yaani ya kuhamisha umiliki wa ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya 1994, karatasi hiyo iende nayo. Sheha, kiongozi wa mtaa, anayetia mkono wake naye aseme kama kuna kitu anapata.

Nimeletewa kikaratasi kutoka safu ya nyuma. Kinasema: “Mwenye nyumba ameniambia anataka milioni 60, inayozidi yangu. Nina kosa gani?” Kwa mwenye nyumba huna kosa, kijana wangu, umefuata maneno ya Ibn Abbas. Lakini geuza upande wa pili, kuna mstari mwengine hapa umeukata kwa kalamu, ila unasomeka. “Mnunuzi ni mama mmoja, na yeye ananilipa nimpunguzie bei.” Basi nijibu wewe. Kila ukimpunguzia mama yule laki moja, inatoka mfukoni mwa nani? Ulikuwa unapunguza kweli?

Adhana hiyo. Tukirudi kutoka kusali nataka aliyeandika kikaratasi hiki asimame anijibu.