Mvua Haisubiri Sahihi: Ufadhili wa Watafiti Chipukizi wa Uhifadhi

Ndugu wafadhili, wakuu wa idara, nanyi watafiti chipukizi mliokaa nyuma kule: leo tusirudie kwa nini uhifadhi unahitaji vijana. Kila aliyemo humu analijua hilo. Nataka tuzungumzie kalenda. Nimelisema mara nyingi na nitalisema mpaka matangazo ya ufadhili yabadilike: miezi 12 haitoshi kumchunguza mnyama anayefuata mvua.

Chukueni mtafiti wa vyura katika misitu ya milima ya Tao la Mashariki, tuseme Usambara au Uluguru hapa Tanzania. Vyura wengi wa huko hupatikana vizuri wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tena vuli ikinyesha. Sasa fuateni fedha. Mkataba unasainiwa Januari. Awamu ya kwanza inaingia kwenye akaunti ya chuo Februari mwishoni. Mtafiti anaomba fedha zitolewe, faili linakaa kwa mhasibu. Huku anafuatilia kibali cha utafiti, ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya wilaya, kisha mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Kila ofisi inataka barua ya ofisi iliyotangulia. Anafika msituni Juni. Anafukia ndoo zake za mtego za lita 20, midomo ikiwa sawa na ardhi, anasimamisha uzio wa nailoni kutoka ndoo hadi ndoo, na kila alfajiri anakuta majani makavu na buibui. Desemba ripoti inadaiwa. Anaandika "spishi haikuonekana", na msomaji wa ripoti anaelewa "spishi haipo". Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na ya pili inaweza kuunyima msitu mzima ulinzi.

Mtaniuliza: kwa nini asiombe kibali mapema? Kwa sababu fomu ya kibali inauliza nani analipia kazi, na mfadhili naye anauliza kibali kiko wapi. Kijana anapigwa danadana kati ya meza mbili, na mvua haisubiri sahihi ya yeyote. Dawa yake haiongezi hata senti: toeni barua ya ahadi miezi sita kabla ya fedha, na muda wa ufadhili uanze kuhesabiwa siku kibali kinapotoka. Kisha muda huo uwe miezi 24, ili masika mbili ziingie ndani yake.

Najua litakalofuata: miezi 24 ni ghali. Ndoo, uzio na tochi za kichwani zilizonunuliwa mwaka wa kwanza zinatumika mwaka wa pili. Kinachoongezeka ni usafiri, malipo ya waongozaji na posho. Kama mfuko ni mdogo, chagueni maandiko matano ya miradi badala ya kumi. Mimi nachukua matano yenye majibu.

Na msidhani naongelea jambo la kufikirika. Mnamkumbuka chura wa Kihansi, yule anayezaa watoto wadogo kabisa badala ya kutaga mayai. Makao yake yalikuwa hekta chache tu zilizoloweshwa na maporomoko ya maji. Maji yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme, vinyunyizio vya kuiga manyunyu ya maporomoko vilifungwa bondeni, na mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Katikati ya 2003 hesabu ya waliobaki bondeni ilikuwa imepanda hadi karibu 20,000. Kisha wakaporomoka, na mapema 2004 waliopatikana walihesabika kwa vidole. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa.

Sasa wekeni hapo ufadhili wa miezi 12 unaofungwa Juni 2003. Ripoti ingesema vinyunyizio vimefanikiwa na idadi inapanda. Kila tarakimu ingekuwa sahihi, na mfadhili angefunga faili akiwa ameridhika. Anguko lilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliorudi kuhesabu, na kuvu ya kitridi, inayoua vyura, ikagunduliwa kwenye vyura waliokufa. Kurudi kuhesabu ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayokatwa kwanza na bajeti zenu.

Posho. Wengi wenu mnalipia kambi na hamlipii maisha. Mtafiti asiye na ajira anapewa gari la kufika msituni, lakini miezi minne ya kuchambua takwimu na kuandika anailipia nani? Anayebaki kwenye fani ni mwenye mshahara kwingine au mwenye wazazi wenye uwezo. Mwingine anakwenda kuongoza watalii, na daftari la takwimu linabaki kabatini. Andikeni posho ya uandishi kwenye bajeti, mstari wake peke yake, ili mtu asiihamishie kwenye mafuta.

Risiti nazo. Mwongozaji anayebeba ndoo nane kupanda mlima hana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Mama anayepika kambini hana, wala bodaboda hana. Mkishikilia risiti ya mashine kwa kila shilingi, mnamsukuma mtu mwaminifu kwenda kutafuta risiti ya uongo dukani. Kubalini fomu ya malipo: jina, kazi aliyofanya, tarehe, kiasi, namba ya simu, sahihi au dole gumba, na muhuri wa mtendaji wa kijiji chini ya kila ukurasa. Malipo yakipita kwenye simu, ujumbe wa muamala unaambatishwa. Mkaguzi anapiga namba tatu nne na anapata ukweli.

Naonyeshwa saa, basi haraka. Mafunzo ya uongozi yasiwekwe Aprili, watu wakiwa porini. Mtafiti anayenyonyesha aruhusiwe kuweka nauli na malipo ya msaidizi wa mtoto kwenye bajeti. Dawa ya kusafishia buti kati ya bonde na bonde iwe mstari wa lazima kwa kila anayefanya kazi ya vyura, maana kitridi inasafiri na matope. Na ile asilimia mnayoishikilia mpaka ripoti ya mwisho ipite, punguzeni, au itoeni rasimu inapowasili, kwa sababu sasa hivi vijana wanakopa kuwalipa waongozaji waliokwisha kufanya kazi.