Juhudi na Tawakali: Nilichojifunza kwa Mzee wa Kiyahudi Ninayemhudumia Brooklyn

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Video hii nimeiandaa kwa sababu swali moja halikomi kunifikia: “Dada, umekaa na Wayahudi miaka minne, tuambie wanaomba dua gani hata wanafanikiwa, au ni kazi tu na Mungu hutajwa kwa mazoea?” Najua nikijibu wapo watakaosema ninajisifu, na nikigusa habari za karatasi za uhamiaji wapo watakaosema ninalalamika ilhali wenzangu wanaitamani nafasi yangu. Nisikilizeni kwanza, ndipo mnihukumu. Hata hilo la kwamba Wayahudi wote ni matajiri si kweli, kwani katika mtaa ninaofanyia kazi nimeona familia zinazohesabu senti kabla ya kununua kuku wa Ijumaa.

Mimi si Myahudi wala si mwanachuoni. Ninamhudumia mzee wa miaka 88 aliyeuza vitambaa maisha yake yote, na mengi ninayoyasema aliniambia nikimpashia supu. Wao wana maneno mawili: bitahoni, yaani kumtumainia Mungu, na hishtadluti, yaani juhudi anayopaswa mtu kuifanya kwa mikono yake. Katika karne ya 11 huko Hispania, mwanachuoni wa Kiyahudi Bahya ibn Paquda aliandika kitabu kuhusu wajibu wa moyo, akakiandika kwa Kiarabu, na katika mlango wake wa nne neno alilolitumia kwa tumaini hilo ni tawakkul. Nilipolisikia niliweka kijiko chini, kwa maana ndiyo tawakali ile ile ambayo kwetu Tanga watu huiandika hata ubavuni mwa majahazi. Na Bahya hasemi kwamba mwenye tawakali akae akisubiri. Anasema hata kama siku ya kufa imeshapangwa, mtu haruhusiwi kunywa sumu kwa kisingizio hicho.

Kisa cha Bahari ya Shamu mnakijua, sitakirudia. Nitataja tu kwamba katika Kutoka 14:15 Mungu anamuuliza Musa kwa nini anamlilia, kisha anaagiza watu waendelee mbele, na mapokeo ya Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, yanaongeza kwamba Nashoni mwana wa Aminadabu aliingia majini kabla bahari haijagawanyika. Mzee alinionyesha kwa kidole mahali maji yanapoanza kumtisha mtu, hapa chini ya pua.

Hata hivyo, marabi wenyewe hawakukubaliana kirahisi juu ya kazi na masomo. Rabi Shimon bar Yochai aliuliza: mtu akilima wakati wa kulima, akapanda wakati wa kupanda na kuvuna wakati wa kuvuna, Torati ataisoma lini? Rabi Ishmael akashikilia kwamba andiko linalosema “ukusanye nafaka yako” linamtaka mtu afanye kazi za dunia pamoja na masomo. Vizazi vilivyofuata, rabi mwingine, Abaye, alisema jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko hoja zote: wengi walifanya kama Rabi Ishmael wakafanikiwa, na wengi walifanya kama Rabi Shimon wasifanikiwe. Rabi mwenzake Rava naye aliwasihi wanafunzi wake wasionekane darasani katika miezi ya Nisani na Tishri ya kalenda ya Kiyahudi, wakati wa mavuno na wa kukamua zabibu na zeituni, ili wasihangaikie chakula mwaka mzima.

Sasa niseme yaliyonipata mimi. Mwaka jana kibali changu cha kazi kilikuwa kinakaribia kwisha. Nilifunga siku tatu, nikakesha nikiomba, nikajaza fomu mwenyewe kwa sababu sikuwa na mamia ya dola ya kumlipa wakili. Baada ya wiki nyingi bahasha ikarudi, kwa kuwa fomu niliyotumia ilikuwa toleo la zamani, na tarehe ya toleo imeandikwa chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo ambazo sikuzitazama. Nilikaa wiki kumi na moja bila mshahara. Ada ya shule ya mdogo wangu ilichelewa, na ndugu ambao sijawahi kuwanyima kitu walianza kusema nimebadilika, mwingine akanitumia ujumbe kwamba imani yangu ni haba. Liliniuma, na bado linaniuma. Nilipompigia mzee simu alisema, “Sala yako haikuwa na kosa, binti yangu. Fomu ndiyo iliyokuwa na kosa.”

Nikaituma upya, na hapo nikaangukia upande wa pili. Nilikuwa nikifungua simu kutazama hali ya maombi yangu ya kibali alfajiri, ndani ya treni, hata usiku wa manane, kana kwamba kutazama kwangu kungeisukuma karatasi. Mzee akanikumbusha habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani: ilibidi kila mtu atoke hemani akaokote pishi yake, lakini aliyeokota kingi hakubakiza, aliyelaza ikaota mabuu, na waliotoka siku ya saba hawakuona kitu. Ndiyo sababu mezani pake Ijumaa jioni kuna mikate miwili iliyofunikwa kitambaa, ukumbusho wa fungu maradufu la siku ya sita. Rabi Moshe Chaim Luzzatto, katika kitabu kilichochapwa Amsterdam mwaka 1740, aliifananisha juhudi na kodi ambayo kila mwanadamu lazima ailipe, ingawa si kodi hiyo inayoleta riziki. Mimi ninayejua foleni za ada nilimwelewa upesi: kodi hulipwa yote, lakini hakuna anayeilipa mara mbili akitumaini kupendwa zaidi.

Hayo ni yangu binafsi, na hali zetu hazilingani. Mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hawezi kupima juhudi kwa kipimo changu, wala sitaki mtu aache kazi au sala kwa sababu ya video hii. Ukiwa na fomu mkononi, tazama tarehe ya toleo, kisha muulize anayejua sheria.

Kibali kilifika siku ya Jumanne. Nilikipeleka kwa furaha nikamwambia mzee, “Nimekipata, nilijaza kila ukurasa kwa mkono wangu.” Hakunijibu. Aliniomba nitoe Biblia yangu ya Kiswahili nimsomee Kumbukumbu la Torati 8:17, kwa sauti, ingawa Kiswahili hakijui. Nilipofika pale panapokatazwa kusema moyoni kwamba nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu, sauti ilinikwama, naye akangoja hadi nikamaliza na mstari wa 18, unaosema kwamba Mungu ndiye anayetupa nguvu hizo.