Kilimanjaro katika madirisha mawili: ramani bapa na pande tatu ndani ya QGIS

Ndugu washiriki, programu yetu leo ni QGIS, ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, na mahali ni Mlima Kilimanjaro. QGIS ilipata dirisha lake lenyewe la pande tatu katika toleo la 3.0, mwaka 2018. Kabla ya hapo ilibidi kutumia programu-jalizi. Kulifungua ni kubonyeza Ctrl+Alt+M tu, na dirisha la pili linatokea pembeni ya ramani mliyoizoea.

Angalieni kwamba ramani bapa haijaondoka. Wengi hudhani hii ni swichi, kwamba unazima bapa ndipo unawasha pande tatu. Sivyo. Ni madirisha mawili ya mradi mmoja, na kosa mnaloliona kwenye pande tatu karibu kila mara lilitengenezwa kwenye bapa, ambako halikuonekana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazungumzo haya inahusu kazi ya kufanya kabla ya kubonyeza Ctrl+Alt+M.

Data yetu ya mwinuko ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Inagawiwa kwa vigae vya digrii moja kwa moja, pikseli yake ikiwa takriban mita 30, na kila kigae huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Moshi na kilele cha Kibo viko kwenye S04E037. Lakini Kibo iko kilomita nane hivi tu kusini mwa mstari wa digrii 3, ambao ndio mwisho wa kigae hicho. Mkipakua kimoja peke yake, mlima utakatwa kama mkate upande wa Rongai. Chukueni na S03E037, muunganishe vyote viwili kuwa rasta moja, yaani picha ya pikseli ambayo kila pikseli inabeba kimo chake.

Sasa koodineti. Faili hii imekuja kwa digrii za latitudo na longitudo, ilhali kimo chake ni mita. Kwa macho ya kompyuta, digrii moja ya ardhi ni urefu wa 1 na Kibo ina urefu wa 5,895. Ndiyo maana matoleo mengi ya QGIS hukataa kabisa kufungua pande tatu kama mradi uko kwenye digrii. Badilisheni rasta na mradi mzima kwenda UTM, mfumo wa koodineti unaopima ardhi kwa mita, kanda ya 37 kusini, namba EPSG:32737. Wapo wanaokimbilia EPSG:3857, ile ya ramani za mtandaoni. Hapa kwetu karibu na ikweta haitawaumiza, kwa sababu mvutano wake kwenye digrii 3 haufiki hata asilimia moja. Ila mtu akiwatumia mradi wa Oslo, kwenye latitudo 60, umbali wa ardhini umekuzwa karibu mara mbili na kimo kimebaki vilevile. Milima itaonekana nusu ya ilivyo.

Wakati wa kubadili projekisheni, yaani namna dunia inavyolazwa kwenye ramani bapa, QGIS itawauliza njia ya kukadiria upya pikseli. Chaguo linalokuja lenyewe ni la jirani wa karibu. Msiliache. Kwenye bapa hamtaona tofauti, lakini kwenye pande tatu miteremko ya Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, itatokea na mistari ya ngazi-ngazi inayofanana na matuta ya shamba. Chagueni bilinia, inayochanganya thamani za pikseli nne jirani, na muweke pikseli ya mita 30.

Hapohapo tangazeni namba ya mahali pasipo na data. Matoleo ya awali ya SRTM yalikuwa na matundu kwenye kuta kali za milima, na tundu huandikwa -32768. Kwenye bapa ni kidoa tu. Kwenye pande tatu, tundu lisilotangazwa ni shimo la kilomita 32 kwenda chini. Vilevile, rasta ikibadilishwa projekisheni hujipinda kidogo na kubakiza pembetatu tupu pembezoni, nazo zikisomwa kama sifuri mtapata kuta zinazoporomoka hadi usawa wa bahari. Tangazeni namba, jazeni matundu, kateni kingo.

Hayo yakishafanyika, dirisha la pande tatu halina ugumu. Bonyezeni alama ya spana, ingieni mipangilio, sehemu ya Terrain. Aina inayokuja yenyewe ni ardhi bapa. Badilisheni iwe DEM (modeli ya mwinuko) na mchague rasta yenu. Mkiona nyufa nyembamba kati ya vipande vya ardhi, ongezeni "Skirt height", yaani pindo linaloshuka kwenye kingo za kila kipande, kutoka 10 hadi 50 au 100. Kingo za vilima zikionekana butu, pandisheni "Tile resolution" kutoka 16 hadi 32, mkijua kwamba kompyuta yenye kadi dhaifu ya picha itaanza kusuasua.

Hapo wengi hupigwa na butwaa, kwa sababu Kilimanjaro inaonekana imelala. Fanyeni hesabu. Kutoka Moshi hadi Kibo ni kilomita 30 hivi kwa mstari mnyoofu, na kupanda ni kama kilomita 5. Huo ni mteremko wa wastani wa digrii 9 na nusu. Ndivyo mlima ulivyo. Mkizidisha kimo mara 2, mteremko unakuwa digrii 18. Mara 3, unakaribia 27, na mtu akiiona picha hiyo atadhani barabara haiwezi kupita pale. Mimi sizidi mara 1.5 kwa mlima huu, na kiwango cha kuzidisha lazima kiandikwe kwenye picha yenyewe. Picha ya pande tatu isiyosema imezidishwa mara ngapi haipaswi kuingia kwenye ripoti.

Majengo yana mtego wake. Urefu wake tunaupata kwa kuzidisha idadi ya ghorofa kwa mita 3. Mkichagua kimo cha "Absolute", sifuri inakuwa usawa wa bahari, na kwa kuwa Moshi iko mita mia kadhaa juu yake, nyumba zote zitazikwa ardhini. Tumieni "Relative", inayohesabu kimo kutoka ardhini. Kwenye mteremko, fungeni kimo kwenye kitovu cha jengo, si kwenye kila kona, la sivyo paa zitainama kufuata kilima. Nukta za GPS nazo huzama, kwa sababu nyingine: GPS hupima kutoka umbo la hesabu la dunia, SRTM kutoka usawa wa bahari, na pwani ya Dar es Salaam tofauti hiyo inapita mita 20.

Kuhusu kuhama kati ya madirisha: washeni kamera ifuate ramani bapa, na muwashe pia alama inayoonyesha eneo la kamera kwenye bapa. Mtaona umbo jembamba karibu na kamera na pana mbali nayo. Umbo hilo linaeleza kwa nini mstari mmoja wa skeli hauwezi kutumika kwenye pande tatu: kilichoko mbali kimefinywa. Umbali na eneo vipimeni kwenye bapa.

Nimalizie na Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kwa kuwa wengi wenu mmekuja kwa ajili ya mafuriko. Inavutia kuweka SRTM, kuongeza tabaka la bluu na kulipandisha mita 2 juu ya Jangwani. Msifanye hivyo. Rada ile iliona paa na miti, na lengo la usahihi wa mradi wenyewe lilikuwa mita 16 za kimo. Fungueni zana ya wasifu wa mwinuko, iliyopo tangu toleo la 3.26, mchore mstari kutoka Magomeni hadi Kariakoo. Mstari ukiruka juu na chini kuliko kina cha maji mnachotaka kuonyesha, data hiyo haifai, na itabidi mtafute ya droni au lida (upimaji kwa leza) iliyoondolewa paa na miti kabla ya kumfungulia diwani dirisha la pande tatu.