Maji ya Mwanza hayasubiri nyuzi 100

Mwangaluka, walimu wenzangu. Nimepewa nusu saa ya kuzungumzia jinsi ya kupima sayansi kwa vitendo, na naomba radhi mapema: karibu yote nitaimalizia kwenye sufuria moja ya maji.

Nikiwa kidato cha pili, shule yetu haikuwa na maabara. Mwalimu alileta jiko la mkaa, sufuria na kipimajoto kimoja, watu kumi na wawili tukakizunguka. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Zebaki ikapanda, ikafika 96, ikagoma. Tukapepea mkaa, maji yakaruka mpaka jikoni, zebaki palepale. Nikaandika 96. Wenzangu wa nyuma, ambao hata hawakukiona hicho kipimajoto, wakaandika 100 kama kitabu kilivyosema. Madaftari yaliporudi, wao wana vema, mimi nina kosa.

Sasa jamani, ziwa hili liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza hapa ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo mapovu ya mvuke hayana kazi kubwa ya kuisukuma, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mimi nilikuwa Mwanza. Mwongozo wa kusahihisha ndio uliokuwa pwani.

Tangu siku ile nilijifunza kupika matokeo, na nilifaulu vizuri tu.

Mwaka 1995 utafiti wa kimataifa wa TIMSS, unaopima hisabati na sayansi, uliwawekea watoto vifaa mezani badala ya karatasi peke yake. Darasa la nne na la nane walipewa tochi na betri, nzima na zilizokwisha zimechanganywa, wazitenganishe. Kazi ileile kwa wadogo na wakubwa. Nikaona: hata sufuria yangu inaweza kupanda madarasa.

Wa darasa la nne namtaka aseme alichokiona, basi. Mmoja aliwahi kunichorea vipovu vimenata ukutani mwa sufuria wakati maji bado vuguvugu. Ile ni hewa iliyokuwa ndani ya maji, inatoka. Watu wazima wengi hawajawahi kuitazama. Nilimpa alama zote.

Wa darasa la saba natazama mikono. Kipimajoto amekigusisha kwenye sakafu ya sufuria? Anasoma jicho likiwa sawa na zebaki, au anachungulia kwa juu? Amerudia? Karatasi ya mtihani ya kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu haioni hata kimoja kati ya hivyo.

Kidato cha pili anatia chumvi sufuria ya pili, na hapo nahesabu vitu alivyobadilisha. Akibadilisha chumvi na kiasi cha maji kwa pamoja, hajajaribu kitu. Kidato cha nne ndiye ninayemdai sababu ya ile 96.

Najua swali lenu: darasa la watoto tisini je? Usiwapime wote siku moja. Mimi natazama vikundi viwili kwa kipindi, na swali langu ni moja, “Umejuaje?” Anayejibu “kitabuni” namrudisha jikoni.

Naona sufuria yetu hapo mezani imeanza kuunguruma. Mwalimu wa mstari wa mbele, hebu njoo utusomee. Andika ubaoni kwanza, kabla jirani yako hajakunong’oneza.